Angalia Ukuta, Usiangalie Nukta

Wiki mbili kabla sijakabidhi funguo za depo, ghala la duka letu, niliwakuta watatu kati yenu nyuma ya kaunta mmeinamia simu moja. Kwenye simu kulikuwa na video ya tochi inamulika ukuta. Tochi iko huko ilikotengenezwa, ninyi mko Bujumbura, na mmoja wenu akasema, "Eh! Hii inawaka kama jua, tuagize mia tano." Nilipita kimya. Si kwa upole, nilikuwa nimebeba chai ya moto. Lakini nilipofika nyumbani Nyakabiga nikajiambia: Goreti, ukiondoka bila kuwaandikia hawa habari ya katoni tatu, watanunua giza. Sisi tuliwahi kulinunua. Na mimi ndiye niliyelichagua.

Basi naandika, ingawa nimeshaondoka. Mshahara sitautaja, ulikuwa mfupi na habari zake ni fupi. Cheo nilipandishwa mara moja, nikapewa kiti. Kiti hakikuwa na mgongo. Tuendelee.

Nilianza kazi katika duka la Bwana Nassor muda mfupi kabla ya vita. Ninyi mmemkuta mwanawe tu, kwa hiyo niwaambie: babu yake alitoka Omani, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa mjini, na duka lake liliuza kila kitu chenye waya. Balbu, redio, pasi, tochi, soketi. Alikuwa mtu wa haki lakini mwepesi wa hasira, na hasira yake ilikuwa na kofia: ikipanda, kofia yake iliyodariziwa ilirudi nyuma ya kichwa, ikishuka, kofia ilirudi mahali pake. Tulijifunza kuitazama kofia kwanza, kisha ndiyo tunamsalimia.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Zubeda, mtunza depo. Alinisukumia katoni ya balbu akasema, "Hesabu."

Nikahesabu. Mia moja.

"Hesabu tena."

Mia moja.

"Ulianzia wapi?"

"Kushoto, mama."

"Mara zote mbili?"

"Ndiyo."

"Basi umehesabu mara moja. Ile ya pili umerudia tu makosa yako."

Tangu siku hiyo nahesabu kwenda kwa mdomo na kurudi kwa kidole. Nimehesabu hivyo balbu, wageni wa harusi, na ngazi za kanisa. Mume wangu aliponiposa nilimwambia arudie maneno yake kuanzia mwisho. Akadhani natania.

Jambo la pili Mama Zubeda alilonifundisha lilikuwa ubao wake. Ubao mfupi, soketi mbili, waya mmoja. Kwenye soketi ya kushoto ilikaa balbu moja tuliyoijua tabia yake, tuliiita shahidi. Soketi ya kulia ndiyo tuliyowekea balbu mpya. Unawasha zote mbili pamoja, unazitazama pamoja. Ukiwasha moja peke yake, kila balbu duniani ni nzuri, maana chumba kilikuwa giza na sasa kina mwanga, na moyo unafurahi. "Usiiulize balbu peke yake," alikuwa akisema. "Itajisifu." Ninyi mnacheka, lakini kwa ubao ule tuliwarudishia wauzaji mali mbovu miaka na miaka, na hakuna aliyetushinda kwa maneno.

Kisha vita vikaja. Mama Zubeda akavuka ziwa kwenda kwa binti yake Kigoma, akaniachia funguo, ubao, na balbu shahidi iliyofungwa ndani ya soksi. Sitaandika hapa yote tuliyoyaona miaka ile. Mna wazazi, waulizeni wakiwa wametulia. Nitasema tu kwamba barabara zilifungwa na kufunguliwa na kufungwa, na mali yetu ilikuja kwa maji, kutoka Kigoma mpaka Bandari ya Bujumbura. Na aliyeisindikiza alikuwa Deo.

Deo mnamjua akiwa na mvi. Wakati ule alikuwa kijana mrefu wa Gatumba, mwembamba kama mlingoti wa bendera, na kazi yake ilikuwa kupokea mali Kigoma, kulala nayo melini, na kuitoa duane, yaani forodhani. Ninaposema kulala nayo, namaanisha hivyo hivyo. Alilala juu ya makatoni, na kutoka katoni ya juu alivuta kamba mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wake. Mtu akigusa katoni, kidole kinaamka kwanza, Deo anafuata. Nyumbani kwake Buyenzi walikuwa wanalala watu kumi na mmoja waliomkimbilia wakati wa vita. Niliwahesabu siku ya Pasaka, kwenda na kurudi. Wote walikula kwa sababu wafanyabiashara wa mji huu walilijua jina la Deo na hawakuogopa kumpa mali.

Shikeni hapo, ndiyo jambo lenyewe.

Vita vilileta mengi nisiyoweza kuyachekea, lakini vilileta pia semina. Semina za amani, semina za maridhiano, semina za kuwafundisha wanaofundisha semina. Kila ukumbi wenye viti ulikuwa na mtu amesimama mbele akionyesha karatasi za plastiki kwa mashine ya kumulika ukutani, na kila mara akitaka kuonyesha neno, mwili wake unaziba maneno yote. Madamu mmoja aliyesimamia semina hizo alikuja dukani akasema amesikia kuna kalamu inayotoa nukta nyekundu, unaonyesha neno ukiwa umekaa. Alitaka mia mbili na arobaini.

Bwana Nassor hakuwahi kuiona kalamu ya leza. Mimi pia. Tukamwandikia muuzaji Dubai, naye kwa ustaarabu mkubwa akatuma kaseti ya video ili tuone mali kabla ya kununua. Jambo kubwa sana hilo kwa wakati ule! Mali inakuja kwako ikiwa imekaa ndani ya televisheni!

Tukajaa chumba cha nyuma. Umeme wa wiki hiyo ulikuwa dhaifu, picha ikaja nyeusi, basi mimi kwa mkono wangu nikazungusha kitufe cha mwanga cha televisheni mpaka mwisho wake. Kaseti ikaanza. Giza. Mkono wa mtu ukaingia, kidole kikabonyeza, na pale ukutani likatokea jua. Katikati jeupe, pembeni jekundu, linatetemeka, linameremeta. Chumba kizima kikasema "Yeeee!" kama mpira umeingia golini.

Bwana Nassor akageuka. "Bi Goreti, unasemaje?"

Na mimi, mwanamke wa ubao, mwanamke wa shahidi kwenye soksi, nikafungua mdomo nikasema: "Bwana, hii itamulika ng'ambo ya ziwa mpaka Uvira."

Tukaagiza.

Mali ilifika Ijumaa asubuhi. Katoni tatu, themanini kila moja. Katoni ya tatu ilikuwa imefungwa kwa gundi ya rangi nyingine. Deo akaeleza kwamba duane waliifungua bandarini, wakatazama, wakaifunga tena mbele yake. Nikahesabu. Mia mbili na arobaini kwenda, mia mbili na arobaini kurudi. Tukatia betri tatu ndogo za saa ndani ya kalamu ya kwanza, tukatoka uani, ukuta wa chokaa, jua la saa nne. Bwana Nassor akabonyeza.

Hakuna kitu.

"Bonyeza, Bwana."

"Nimebonyeza."

"Bonyeza kwa nguvu."

"Ni kalamu, Goreti, si kengele ya kanisa!"

Aliweka kiganja karibu, na hapo tukaiona: alama ndogo kama umeumwa na mbu. Tukajaribu ya pili, ya kumi, ya katoni nyingine. Mbu, mbu, mbu. Bwana Nassor akaenda mlangoni, akaielekeza kivulini, kwenye baraza ya ng'ambo ya barabara, aone kama huko itaonekana. Ilionekana kidogo. Muuza kahawa akaiona inapita ukutani karibu na bega lake, akadhani ni bunduki inamlenga, akaacha birika lake na kulala chini. Waliomwona wakalala pia. Mtaa ukawa mtupu haraka kuliko nilivyowahi kuuona, na miaka ile tulikuwa tumeuona ukiwa mtupu. Bwana Nassor alivuka mwenyewe kuomba radhi, akanunua birika zima. Kwa semina leza zile hazikutosha. Kwa kuutisha mtaa zilitosha. Tangu siku hiyo ikawa sheria: leza haitoki mlangoni. Wala haielekezwi kwenye jicho la mtu, hata kama ni mbu. Hiyo sheria bado ipo.

Aliporudi, kofia ilikuwa imefika kisogoni.

"Hizi sizo," akasema. "Zile nimeziona kwa macho yangu. Kaseti ninayo. Deo!"

"Patroo," Deo akaitika, kama alivyozoea kumwita bosi.

"Katoni hii ilifunguliwa."

"Duane njo walifungua, patroo. Mi niliona. Walifungua, walifunga, kwisha."

"Na zile mbili nyingine?"

"Hazijaguswa na mutu. Minalala juu yake siku mbili. Kidole hiki hapa, angalia, bado kina alama ya kamba."

"Nimeziona zikiwaka kama jua, zimefika zikiwaka kama jivu. Katikati kulikuwa na nani? Kulikuwa na wewe peke yako." Akatoa karatasi. "Kesho adhuhuri. Leza zangu zirudi, ama barua hii itakwenda kwa mawakala wote wa bandari kwamba wewe si mtu wa kupewa mali."

Barua yenyewe ilikuwa mistari minne. Lakini mistari minne hiyo ingefika bandarini, hakuna mtu ambaye angempa Deo hata kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani, akivushe barabara. Na watu kumi na mmoja wa Buyenzi, sijui wangekula mistari.

Deo alinifuata depo. Mikono yake mirefu ilikuwa inatafuta pa kukaa.

"Dada Goreti, we unahesabu yote. Mi naonekana mwizi?"

"Kaa chini. Unaziba mwanga."

"Yampaye inka, naapa, sikugusa kitu!"

"Nimekuamini kabla hujaapa kwa aliyekupa ng'ombe, usimpoteze huyo ng'ombe. Hebu fikiri kama mwizi. Umeiba leza kali mia mbili na arobaini. Vizuri. Sasa ungetoa wapi hafifu mia mbili na arobaini za kuweka mahali pake? Kigoma? Katikati ya ziwa? Kwa samaki?"

Akafikiri. "Apana. Hata zile kali mi singejua pa kuziuza."

"Umeona. Wewe ni mwizi mbaya sana."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini patroo aliona video."

"Sote tuliiona," nikasema. Na hapo ndipo nilipokumbuka ni nani aliyeitaja Uvira.

Saa saba Bwana Nassor akaenda kuswali Ijumaa. Nikaingia chumba cha nyuma peke yangu, nikaweka kaseti. Nikaitazama mara ya kwanza: jua. Mara ya pili: jua. Nikakasirika. Nimeifundisha mikono yangu kurudi ilikotoka, macho je? Mara zote nimeianzia kwenye nukta. Mara ya tatu nikaifunika nukta kwa kidole changu, pale pale kwenye kioo, nikatazama kilichobaki.

Hakikubaki kitu. Ukuta haukuwepo! Hukuweza kuona kama una rangi au una ufa. Mkono wa yule mtu ulikuwa kivuli tu. Leza inawaka kama jua na haimuliki hata kucha ya aliyeishika? Jua gani hilo? Halafu, chini kabisa kwenye pembe, nikaona taa nyingine. Nyekundu, kubwa, kali kama taa ya nyuma ya lori. Nikasogeza uso mpaka kioo kikanivuta nywele. Ilikuwa kile kitaa kidogo cha kuonyesha kwamba mashine ina umeme. Kama hiki kilichokuwa mbele yangu, kwenye deki yetu wenyewe. Nikainama kukitazama cha kwetu. Kidogo, huwezi kukisomea hata herufi moja. Lakini kwenye kaseti kinamulika kama lori linafunga breki.

Huyo ndiye alikuwa shahidi. Alikaa ndani ya picha tangu mwanzo, soketi ya kushoto kabisa, na sikumwuliza.

Nilicheka. Peke yangu, mlango umefungwa, wakati wa vita, nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Nilicheka kwa furaha na kwa aibu, vyote viwili vilikuja pamoja na sikuweza kuvitenganisha. Deo alichungulia akidhani nimepata habari mbaya.

Jumamosi asubuhi na mapema nilikwenda kumtafuta Feruzi, mpiga video za harusi wa Buyenzi. Nilimkuta anapangusa kamera yake, ile kubwa ya kuweka begani. Nikamwuliza: kwa nini kitaa kidogo kinakuwa lori?

"Dada, kamera inaogopa giza," Feruzi akasema. "Ukizima taa, inafungua jicho yote, inatafuta mwanga kwa nguvu. Sasa ukimuonyesha kamwanga kadogo, anameza yote mara moja. Anashiba. Ndiyo unaona pale katikati neupe. Neupe si nguvu, ni shibe."

"Na ukimpa mwanga mkubwa zaidi?"

"Mutu mwenye ameshiba, umuongeze sahani, utaona tofauti gani? Neupe ni neupe tu."

"Chukua kamera. Twende."

"Leo? Niko na harusi saa nane! Bibi-arusi ni mtoto wa shangazi yangu!"

"Saa nane ni mbali. Nitakupa kaseti tupu mbili."

"Nne."

"Mbili, na brosheti."

"Brosheti ngapi?"

"Feruzi, mimi hapa naokoa jina la mtu, wewe unahesabu nyama?"

"We ndiye mwenye unahesabu kila kitu!"

Tulimaliza kwenye kaseti tatu na brosheti nne. Alikula mbili njiani.

Saa nne na nusu Bwana Nassor alikuwa chumba cha nyuma, kofia kisogoni, barua mfukoni. Deo amesimama karibu na mlango. Nikafunga madirisha, nikavuta rido, yaani mapazia, nikatundika na shuka ya kufunikia redio. Giza likaingia mchana kweupe. Nikamwomba Bwana Nassor mwenyewe achague kalamu, kutoka katoni ya tatu, ile yenye gundi ya rangi nyingine. Akachagua. Nikabonyeza. Ukutani ikatokea nukta nyekundu, ndogo, ya kawaida. Hakuna aliyesema "Yeeee."

"Umeona, Bwana? Hafifu."

"Nimeona tangu jana."

"Feruzi, piga."

Feruzi akapiga. Dakika moja haikwisha. Tukatia kaseti kwenye deki, televisheni ile ile, kitufe kile kile nilichokizungusha mwenyewe. Giza. Mkono ukaingia. Kidole kikabonyeza.

Jua!

Bwana Nassor akasimama ghafla mpaka kofia ikaanguka kabisa. Hilo hatukuwahi kuliona, hatukujua lina maana gani. "Hiyo! Hiyo ndiyo ya Dubai! Ndiyo yenyewe!"

"Hapana, Bwana. Hiyo ni ya katoni ya tatu. Uliichagua wewe. Na kidole hicho ni changu, tazama pete."

Akaitazama pete. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye pete.

"Rudia," akasema.

Tukarudia. Tukaweka na kaseti ya Dubai, nikamwonyesha kile kitaa cha pembeni, akainama kukitazama kitaa cha deki yake, akainuka, akainama tena. Kisha tukafungua madirisha, Feruzi akalishika jicho la kamera kwa mkono lisijifungue lenyewe, tukapiga kalamu ile ile. Ukuta ukaonekana vizuri, ufa wake na kalenda yake. Jua likafa. Mbu tena.

Sijui nielezeje kilichofuata. Kicheko kilianza kwa Feruzi, kikapita kwa Deo, kikamfikia Bwana Nassor, akakaa juu ya katoni za leza zake na kucheka mpaka akashika mbavu. Tukafunga tena madirisha na kila mtu akataka kupiga kitu. Tulipiga kiberiti: moto wa kijiji kizima. Tulipiga kile kitaa cha deki: lori. Deo akaleta rimoti ya televisheni, akaielekeza kwenye kamera na kubonyeza, na kwenye kioo tukaona taa inawakawaka pale mbele ya rimoti, taa ambayo kwa macho yetu haipo kabisa. Haipo! Unaitazama rimoti, kimya. Unatazama televisheni, inakukonyeza.

"Subhanallah," akasema Bwana Nassor. "Lete hapa." Mtu mzima, mwenye duka na wajukuu, alikaa nusu saa anabonyeza rimoti na kutazama alichokuwa hawezi kukiona. Nje kulikuwa na vita. Ndani sisi watu wanne tulikuwa tunacheka rimoti.

Kisha adhana ya adhuhuri ikasikika, na kicheko kikaisha. Bwana Nassor akaokota kofia, akaivaa sawasawa.

"Haya," akasema. "Mali ndiyo hii hii. Muuzaji hakudanganya, alizima taa tu. Deo hakugusa. Sasa nani alisema itamulika mpaka Uvira?"

Ningeweza kunyamaza. Watu sita walikuwepo siku ya kaseti, na sauti zilikuwa nyingi. Lakini ukimtoa mtu kwenye barua, lazima uonyeshe mahali pa kuandika jina lingine.

"Mimi," nikasema. "Niliiuliza leza peke yake. Ikajisifu."

Alitoa barua mfukoni, akaichana mara mbili. Vipande vinne, nilihesabu. Hakuomba radhi kwa maneno. Watu wa namna yake hawakuwa na maneno hayo kwa wafanyakazi wao. Alichukua kikombe chake mwenyewe cha kahawa, kile kisichoguswa na mtu, akakijaza na kumpa Deo kwa mikono miwili.

"Safari ya wiki ijayo ni yako," akamwambia.

"Ego, ndiyo, patroo. Ila sasa nitafunga kamba mbili. Moja kwenye kidole changu, moja kwenye mdomo wa Dada Goreti."

Adhabu yangu ilikuwa kuziuza. Madamu wa semina alikuja Jumatatu. Sikumwonyesha video, nilimwingiza chumba cha nyuma nikamwonyesha kwa macho, kwanza madirisha wazi, kisha madirisha yamefungwa, nikamwambia ukweli wote pamoja na Uvira. Akasema kumbi zake zina madirisha makubwa. Nikamwuliza, una rido? Hana. Ndugu yake Bwana Nassor alikuwa anauza vitambaa hatua arobaini kutoka pale. Basi tulibishana yeye na mimi kuanzia saa tatu mpaka saa sita, tukanywa Fanta mbili kila mmoja, na madamu akaondoka na leza zake pamoja na rido za kumbi zote, nyeusi, nzito. Nimeuza vitu vingi maishani, lakini giza nimeliuza mara hiyo moja, tena kwa mita. Miezi mingi baadaye alirudi kuongeza. Si leza, rido. Watu wa semina walikuwa wanalala vizuri.

Kwa hiyo, vijana wangu, mkiletewa video ya kitu kinachowaka, msikitazame kinachowaka. Tazameni ukuta. Ukuta unaonekana? Una ufa, una rangi, unaweza kusoma kalenda? Kama ukuta unaonekana na nukta bado inang'aa, basi hapo pana kitu. Kama ukuta haupo, mmeonyeshwa njaa ya kamera tu. Weupe wa katikati msiuamini. Mwambieni muuzaji aweke kando yake kitu mnachokijua, ndani ya picha moja, umbali mmoja, dirisha wazi. Akikataa, mnajua. Na kitufe cha mwanga cha televisheni au cha simu yenu msikizungushe mpaka mwisho, kama alivyofanya mjinga mmoja.

Limebaki jambo dogo. Kabla madamu hajabeba mali, nilihesabu leza. Mia mbili thelathini na tisa kwenda. Mia mbili thelathini na tisa kurudi. Nikatazama katoni ya tatu, nikamtazama Deo, aliyekuwa anashughulika sana na kufunga kamba isiyohitaji kufungwa. Nikatoa daftari, nikaandika: moja, shahidi. Madamu nikamwambia mia mbili thelathini na tisa, akakubali. Wala sikumwuliza Deo, siku hiyo wala miaka yote iliyofuata.

Sasa mnakumbuka sherehe yenu ya kuniaga, mwezi uliopita, mchana, mnakata keki. Mtu akavuta rido za chumba cha nyuma. Mkapiga kelele mkidhani umeme umekwenda. Na ukutani, juu ya kalenda, ikatokea nukta ndogo nyekundu. Mkainua simu zenu wote, na kwenye simu zenu lilikuwa jua, nikawasikia: "Yeeee!"

Mimi nilitazama ukuta. Mbu yule yule. Nikageuka mlangoni, na alikuwepo, mvi kichwani, mrefu bado, mkono mmoja umenyooka, betri mpya ndani ya kalamu ya zamani.

"Mia mbili na arobaini," nikasema.

"Hesabu tena, dada," akasema Deo.